Mtoto Asiyepigania Pumzi: Somo la Afya kwa Kamati za Parokia



Somo la robo mwaka hii linahusu pumzi. Kitabu cha Mwanzo kinatufundisha kwamba mtu alikuwa udongo mtupu hadi Mungu alipompulizia pumzi ya uhai. Mkunga yeyote aliyewahi kumpokea mtoto akiwa kimya na mlegevu, kisha akamsikia akilia, anayaelewa maneno hayo kuliko wengi wetu.

Tumechagua kuanza na ugonjwa mmoja adimu sana, ambao mtoto huzaliwa nao na ambao humfanya asahau kupumua anapolala. Huenda mtauliza: kwa nini kamati ya Masieda au ya kijiji kingine cha Mbulu na Hanang isome habari za ugonjwa ambao pengine haitauona kamwe? Jibu letu ni kwamba ugonjwa huu unatufundisha jambo linalowahusu watoto wengi. Mtoto aliye hatarini si lazima alie wala ahangaike. Wako wanaoondoka kimya kimya, na anayeweza kuwaokoa ni mtu aliyezoea kuwaangalia na aliyezoea kutenda.

Nani anayeamuru pumzi?

Tangu uanze kusoma ukurasa huu umepumua mara nyingi, wala hukuamuru kifua chako kipande au kishuke. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na mtoto mchanga mara 30 hadi 60. Kazi hiyo huendelea mchana na usiku, hata tukiwa katika usingizi mzito.

Msimamizi wa kazi hiyo yuko katika shina la ubongo, yaani sehemu ya chini ya ubongo inayoungana na uti wa mgongo. Mwili unapotumia chakula na oksijeni hutoa hewa chafu iitwayo kaboni dayoksaidi, ambayo huingia katika damu. Ikizidi, vihisi maalumu hupeleka habari kwenye shina la ubongo, nalo huiamuru misuli ya kifua na kile kiwambo kilicho kati ya kifua na tumbo kuongeza kasi. Jaribu kuzuia pumzi yako kwa muda. Ile hali ya kubanwa inayokulazimisha kuvuta hewa ni amri ya shina la ubongo, na kinachoiamsha zaidi ni kaboni dayoksaidi iliyozidi, hata kabla oksijeni haijapungua sana.

Sasa fikirini mtoto ambaye hapati amri hiyo. Mapafu yake ni mazima, moyo wake unadunda na kifua chake hakina nimonia. Lakini hewa chafu inapojaa katika damu yake, hakuna anayepiga kengele.

Ugonjwa adimu, lakini wa kweli

Huo ndio ugonjwa tunaouzungumzia. Kwa Kiswahili rahisi tunaweza kuuita ugonjwa wa kuzaliwa wa kukosa usimamizi wa pumzi. Mtoto mwenye ugonjwa huu kwa kawaida hupumua vizuri kiasi akiwa macho, kwa sababu ubongo ulio macho una njia nyingine za kuichochea pumzi. Akisinzia, pumzi huwa fupi na hafifu, na wakati mwingine hukoma. Wachache walioathirika zaidi hawapumui vya kutosha hata wakiwa macho.

Mwaka 1962 madaktari wawili wa Marekani, John Severinghaus na Robert Mitchell, waliandika juu ya wagonjwa watu wazima ambao baada ya upasuaji walipumua walipoambiwa wapumue, ila walijisahau walipolala. Waliiita hali hiyo laana ya Ondine, kwa kufuata hadithi ya kale ya Ulaya kuhusu kiumbe wa majini ambaye mumewe aliangamia kwa sababu ya laana. Mwaka 1970 Robert Mellins na wenzake walieleza hali ya namna hiyo kwa mtoto aliyezaliwa nayo. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa walionyesha chanzo chake, nacho ni badiliko katika jeni iitwayo PHOX2B, ambayo huongoza ujenzi wa neva zinazosimamia kazi za mwili zisizohitaji fikra, pumzi ikiwamo.

Mara nyingi badiliko hilo hutokea kwa mtoto kwa mara ya kwanza, bila wazazi kuwa nalo. Katika familia chache mmoja wa wazazi hulibeba bila dalili za wazi. Halitokani na chakula alichokula mama, kazi aliyofanya shambani wala maneno aliyotamkiwa na jirani.

Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mtoto mmoja kati ya 200,000 hivi. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kila mwaka. Kama makadirio hayo yanafaa na kwetu, ni watoto kama 10 kwa mwaka nchi nzima. Idadi hiyo ni ndogo, lakini kila mmoja wao ana mama na ana kijiji.

Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya. Msaada wake ni mashine ya kupumulia kila mtoto anapolala, kwa maisha yake yote. Watoto wadogo wengi huwekewa bomba kupitia tundu linalotobolewa shingoni, na wakikua baadhi yao hutumia barakoa, au kifaa kinachopandikizwa mwilini ili kusisimua neva za kiwambo. Katika nchi ambako msaada huo unapatikana nyumbani, wengi wamefikia utu uzima, wamesoma, wanafanya kazi na wengine wana watoto wao. Mashine hiyo hutaka umeme usiokatika, fundi, vipuri, na mtu wa kukesha. Tunayataja haya waziwazi ili mfadhili wala mzazi asipewe tumaini lisilo la kweli.

Kimya ndicho hatari

Mama zetu wamefundishwa kliniki namna ya kuitambua nimonia: mtoto anapumua haraka, pua zinatanuka, kifua kinabonyea kwa ndani. Mafundisho hayo ni mazuri na yameokoa wengi. Lakini yanaweza kutuachia wazo kwamba mtoto mwenye shida ya pumzi lazima ahangaike.

Mtoto tunayemzungumzia hapa hahangaiki, kwa kuwa kule kuhangaika kwenyewe hutokana na ile amri ambayo hana. Hewa inampungukia huku akionekana amelala kwa amani, na mgeni anayechungulia anasema, "Mtoto huyu ni mtulivu." Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi rangi ya mwili inaweza isionyeshe kitu mapema. Mahali pa kutazama ni ulimi, midomo na ufizi. Vikiwa vya kijivu au bluu, oksijeni imepungua.

Mtoto mchanga apelekwe kwenye huduma mara moja akionyesha mojawapo ya dalili hizi:

1. Kuacha kupumua kwa sekunde 20 au zaidi, au kwa muda mfupi zaidi huku akilegea au kubadilika rangi.

2. Ulimi au midomo kuwa ya bluu au kijivu, hasa akiwa usingizini.

3. Kulala mno, kushindwa kuamka kunyonya, au kunyonya kwa udhaifu.

4. Kulegea mwili, kupata degedege, au mwili kuwa wa moto au wa baridi kupita kawaida.

5. Tumbo kuvimba na kutopata choo cha kwanza katika siku mbili za mwanzo. Hali hii ina sababu zake nyingi, ila baadhi ya watoto wenye ugonjwa wa PHOX2B huwa pia na tatizo la neva za utumbo mpana.

Mzazi hatakiwi kujua ni ugonjwa gani. Kazi yake ni kuona na kuondoka mapema. Kazi ya mhudumu ni kumwangalia mtoto huyo akiwa amelala pia, wala si kumpima akiwa macho analia kisha kumruhusu arudi nyumbani. Kile kipimo kidogo cha oksijeni kinachobanwa kwenye mguu wa mtoto kinaweza kuonyesha usiku kile ambacho macho hayakukiona mchana.

Watoto wengine wanaonyamaza

Kwa kila mtoto mmoja mwenye ugonjwa huu adimu, wako maelfu wanaonyamaza kwa sababu za kawaida zaidi. Tutataja makundi mawili.

Kundi la kwanza ni watoto njiti. Shina la ubongo la mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati halijakomaa, naye pia husahau kupumua, hasa akilala. Tofauti ni kwamba hali yake hupita kadiri anavyokua. Kumfunga kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kwa njia tunayoiita kangaruu, humpa joto, na mama huwa karibu kugundua akinyamaza. Ipo pia dawa ya kafeini, ya jamii ileile inayopatikana katika kahawa, ambayo huchochea pumzi ya mtoto njiti. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza katika mwongozo wake wa mwaka 2022. Dawa hiyo hutolewa hospitalini kwa kipimo maalumu. Mtu asije akamnywesha mtoto kahawa nyumbani!

Kundi la pili ndilo kubwa zaidi, nalo ni watoto wasioanza kupumua wanapozaliwa. Kati ya watoto 100, karibu 85 huanza wenyewe. Wengine kama 10 huanza baada ya kukaushwa vizuri na kusuguliwa mgongo. Kati ya 3 na 6 huhitaji kupumulishwa kwa mfuko na barakoa. Ni wachache sana wanaohitaji zaidi ya hapo. Dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa wakunga huiita dakika ya dhahabu, kwa sababu kabla haijaisha mtoto awe amepumua au awe ameanza kupumulishwa.

Makundi haya na mtoto wa ugonjwa adimu wana hitaji la kwanza linalofanana: mtu aliye karibu, anayeona kwamba pumzi haipo, na ambaye mikono yake inajua la kufanya bila kutafuta kitabu. Hata mtoto mwenye ugonjwa wa PHOX2B hawezi kufikia daktari bingwa kama hakuna aliyempumulisha usiku ule wa kwanza.

Tuliyojifunza kutoka Haydom

Katika jambo hili hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mwalimu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom iko Mbulu kwetu. Ilifunguliwa mwaka 1955 kwa kazi ya wamisionari kutoka Norway, na leo ni mali ya ndugu zetu wa KKKT Dayosisi ya Mbulu. Waumini wa madhehebu yote, na wasio na dhehebu, wamezaliwa na kutibiwa pale. Utafiti uliofanyika katika wodi yake ya wazazi unasomwa na wakunga wa nchi nyingi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na Hege Ersdal, Estomih Mduma na wenzao ulifuatilia watoto 5,845 waliozaliwa Haydom. Kwa wale waliohitaji mfuko na barakoa, kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya mtoto kufa au kulazwa kwa muda mrefu. Sekunde 30 ni muda wa kutafuta barakoa iliyofungiwa kabatini, au wa kumwita mwenzako aliye chumba cha pili.

Jambo la pili ndilo tunaloomba kila kamati ilishike. Mwezi Aprili 2010 wahudumu wa Haydom walipewa mafunzo ya siku moja ya kuwasaidia watoto kupumua. Miezi saba baadaye walipopimwa kwa sanamu ya mtoto walifanya vizuri zaidi kuliko mwanzo. Lakini watafiti walipoangalia yaliyofanyika kwa watoto halisi katika chumba cha kujifungulia, hawakuona badiliko. Ujuzi ulikuwepo darasani, ila haukufika kitandani.

Wangeweza kuificha habari hiyo. Badala yake waliitangaza, kisha wakabadili utaratibu. Kuanzia Februari 2011 sanamu iliwekwa palepale wodini, na wahudumu wakawa wanafanya zoezi la dakika 3 hadi 5 kila juma, pamoja na zoezi refu kidogo kila mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015.

Ndugu zangu, tutafakari hapo. Wodi ilikuwa ileile, na mafunzo yalikuwa na mada ileile. Kilichoongezeka ni mazoea. Mkono uliofanya zoezi juma hili hautetemeki mtoto anapozaliwa kimya usiku wa manane.

Mbegu hiyo imekua. Mradi wa uzazi salama uliofanyika katika hospitali na vituo 30 vya mikoa 5, yaani Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ulitumia mazoezi hayo ya mara kwa mara pamoja na vifaa bora na kumbukumbu za kila uzazi. Matokeo yake, yaliyohusu watoto karibu 300,000, yalichapishwa mwaka 2025. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 40 hivi.

Kutoka Masieda hadi hospitali

Mkazi wa Masieda atatuuliza: "Hayo ni ya hospitali. Sisi je?" Swali hilo ni la haki. Mtoto akizaliwa nyumbani, usiku wa mvua, mlolongo wote tuliousimulia unakuwa mbali naye. Kwa hiyo kazi ya kamati huanza kabla ya uchungu wa uzazi.

Kila mjamzito na familia yake wawe wamekubaliana mapema atajifungulia wapi, nani atamsindikiza na nani atabaki na watoto na mifugo. Anayeishi mbali na kituo, au aliyewahi kufiwa na mtoto mchanga, asogee karibu na huduma siku za kujifungua zinapokaribia. Wanaume wahusishwe, kwa sababu katika nyumba nyingi uamuzi wa kuuza mbuzi ili kupata fedha za safari bado uko mikononi mwao.

Watu wote waijue namba 115. Ndiyo namba ya bure ya mfumo wa usafiri wa dharura wa M-mama, ambao Serikali ilitangaza mwaka 2022 kuueneza nchi nzima. Unamhusu mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga. Pale ambapo gari la wagonjwa haliko karibu, hutumika madereva wa kijamii waliosajiliwa. Kamati ihakikishe namba hiyo imebandikwa kanisani, shuleni, dukani na kwenye kilabu cha pombe, maana msiba hauchagui mahali pa kutuita.

Na kama mtoto amezaliwa njiani, au amenyamaza nyumbani kabla gari halijafika? Mkaushe kwa kitambaa safi, msugue mgongo, mfunike akiwa na joto. Akiwa hapumui, mlaze chali shingo ikiwa imenyooka, funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako, na umpulizie pumzi ndogo, kiasi cha kuinua kifua tu, huku mwenzako akipiga 115. Asining'inizwe kichwa chini, asipigwe makofi, asimwagiwe maji ya baridi wala kufukizwa moshi. Kila moja ya hayo hupoteza dakika ya dhahabu na linaweza kumdhuru.

Asilaumiwe mama

Wazee wa Kiiraqw wanaikumbuka desturi ya metimani, iliyowatenga watu na wenzao kwa muda kwa sababu ya misiba fulani, ukiwamo wa kufiwa na mtoto mchanga. Hatuisimulii kwa kuwadharau wazee. Walikuwa wakiilinda jamii kwa maarifa waliyokuwa nayo. Na tusisahau kwamba neno laana, katika jina lile la Ondine, lilitoka kwa madaktari wasomi wa ng'ambo. Binadamu wa kila mahali, akikosa sababu, hutafuta wa kumbebesha mzigo. Leo wazazi na madaktari wengi wa ugonjwa huo wameliacha jina hilo.

Sababu sasa inajulikana. Ni herufi chache za jeni, au ni shina la ubongo ambalo halijakomaa, au ni uchungu uliochukua muda mrefu mno. Mama anayerudi nyumbani mikono mitupu asikutane na maswali ya nani alimwonea kijicho. Akutane na jumuiya yake imeleta kuni, maji na uji.

Tunajua pia kwamba watoto wa siku chache huzikwa na watu wachache, na mara nyingi hawaandikwi popote. Kwa sababu hiyo kamati hazijui ni wangapi. Tunapendekeza kila parokia iwe na daftari moja, litunzwe kwa siri na mtu mwaminifu, la watoto waliofariki kabla ya siku 28: mahali alipozaliwa, umri wake, kama alipumua, na kama usafiri ulipatikana. Liandikwe bila hukumu. Familia ambayo imepoteza watoto wawili kwa namna inayofanana isindikizwe hospitali kwa ajili ya uchunguzi na ushauri kabla ya mimba nyingine. Kwa ukanda wetu, rufaa ya juu zaidi huweza kwenda KCMC, Moshi.

Kwa wafadhili wetu

Wafadhili wapendwa, mmetusaidia kwa moyo, nasi tunawiwa kuwaambia ukweli. Ni rahisi kuomba mashine. Mashine hupigwa picha, huwekwa utepe, na jina la mtoaji huandikwa ubavuni. Ni rahisi pia kuomba semina ya siku moja, yenye orodha ya mahudhurio na chai ya saa nne.

Somo la Haydom linatuzuia kuishia hapo. Tunaomba muone thamani ya mambo yasiyopigwa picha vizuri: sanamu ya mazoezi inayobaki kwenye chumba cha kujifungulia, mfuko na barakoa za ukubwa wa mtoto wa kutimia na wa mtoto njiti, kipimo cha oksijeni chenye betri nzima, na muuguzi anayepewa dakika 5 kila juma kuwaongoza wenzake. Tunaomba pia muulize maswali magumu mwaka mmoja baada ya kutoa, wala si siku ya ufunguzi. Mkiuliza, "Mara ya mwisho mlifanya zoezi lini?" mtakuwa mmetusaidia kuliko fedha peke yake.

Je, mtoto mwenye ugonjwa adimu tumemtupa? Hapana. Siku atakapozaliwa katika vijiji vyetu, ataokolewa kwanza na mambo hayohayo madogo. Mkono uliozoea utampumulisha, jicho lililozoea litamwona akinyamaza usingizini, gari litamfikisha hospitali. Kama baada ya hapo tiba itapatikana, atakuwa hai kuipokea. Na kama tutampoteza, tutampoteza tukiwa naye, wazazi wake wakijua sababu, wala hawatabaki na mashaka usiku baada ya usiku.

Kazi ya kamati kabla ya toleo lijalo

1. Mtembeleeni mganga mfawidhi wa zahanati au kituo chenu kwa heshima. Mwombeni awaonyeshe mfuko na barakoa vinapowekwa, na mjue kama vinafikiwa bila ufunguo. Msiende kukagua kama polisi. Nendeni kuuliza parokia isaidie nini.

2. Ulizeni zoezi la kupumulisha mtoto hufanyika mara ngapi, na sanamu ya mafunzo iko wapi.

3. Bandikeni namba 115 mahali pasipopungua manne, na muifundishe katika jumuiya ndogondogo.

4. Fungueni daftari la watoto wachanga, na mchague mtunzaji wake.

Maswali ya kujadili

1. Katika kijiji chetu, mtoto akizaliwa usiku bila kulia, ni nani wa kwanza kuitwa, na huchukua muda gani kufika?

2. Ni maneno gani tunayomwambia mama aliyefiwa na mtoto mchanga? Ni yapi tuyaache?

3. Ni mafunzo gani tuliyowahi kupewa mara moja tu na ambayo leo hatuyakumbuki? Tufanye nini yasipotee tena?

Ndugu wasomaji, pumzi ni zawadi tunayoipokea bila kuiomba, mara 12 au 20 kila dakika. Yupo mtoto ambaye zawadi hiyo humfikia kupitia mikono ya jirani yake. Tuifanyie mikono hiyo mazoezi, juma kwa juma. Mungu awabariki katika utume wenu.